Tundu la jeki kwenye boksi la spika

Spika ya kwaya yetu hapa Mikindani ilikuwa inakoroma, ukigusa waya inakata kabisa. Nikafungua boksi: tundu la jeki (pini ya waya wa sauti) la milimita 6.35 limeota kutu ya kijani. Chumvi ya bahari hiyo. Nikanunua jipya, lina miguu mitatu, na hapo ndipo nilipokwama. Nikachomeka jeki, nikapima kwa mita ya umeme: mguu unaoshikana na ncha ya jeki ndio chanya, unaoshikana na shina ndio hasi. Wa tatu ni wa swichi, nikauacha. Nikakwangua waya mpaka shaba ikang'aa, nikachomelea kwa risasi. Kabla ya kufunga nikagusisha betri ya volti 1.5, chanya kwenye ncha (gusa tu, usishikilie). Koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, ikasukumwa nje: chanya na hasi ziko sawasawa. Jumapili besi ilisikika hadi barabarani.