Sekunde 11 za Mwanzo

Mwishoni mwa mwaka 2016, nilipokuwa nikiishi Maryland, nje kidogo ya jiji la Washington, mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa akijiandaa kuhamia kwa binti yake alinikabidhi boksi la viatu na kuniomba nilichukue kabla hajabadili mawazo na kulitupa. Ndani mlikuwa na kaseti 14, vipeperushi vilivyokunjwa mara nne, na vijarida vya fotokopi vilivyobanwa kwa pini ambazo kutu yake ilikwisha kuingia kwenye karatasi. Nilimwita Mzee, naye alikwisha kulizoea jina hilo bila kuuliza maana yake. Kwa miaka yote tuliyoendesha mabasi ya shule pamoja, sikuwahi kujua kwamba ujanani alipiga gitaa la besi katika bendi za panki, yaani roki ya kasi na makelele.

"Si uliniambia kwamba umekulia kwenye kanda?" alinikumbusha.

Ni kweli. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda huko Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na likizo zangu nyingi za shule zilipita humo nikinakili taarabu. Panki niliidhania kuwa kelele za vijana wa Kizungu wenye nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu, mpaka Mzee, ambaye mwenyewe ni Mweusi, aliponieleza habari za Bad Brains: vijana wanne Weusi wa Washington na vitongoji vyake, waliotoka kwenye jazi wakaingia kwenye panki kwa kasi ambayo wenzao wote walilazimika kuikimbiza, kisha katikati ya onyesho wakatulia na kupiga rege.

Alichopenda kukisimulia zaidi, hata hivyo, ni jinsi vijana wale walivyojifanyia kila kitu wenyewe. Lebo ya Dischord ilianza mwaka 1980 kwa sababu Teen Idles, bendi ya vijana wadogo iliyokuwa inavunjika, ilikuwa na akiba ya fedha za maonyesho, na badala ya kugawana waliamua kutoa santuri, ambayo majalada yake waliyakata, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono yao. Kwenye jalada hilo kuna picha ya mikono iliyochorwa alama ya X, ambayo ilimwezesha kijana asiyetimiza umri wa kunywa pombe kuingia ukumbini bila kuuziwa. Baadaye bendi ya Fugazi nao walishikilia kiingilio cha dola 5 na mlango ulio wazi kwa watu wa rika zote, hata walipokuwa na uwezo wa kutoza zaidi.

Maktaba ya umma ya jiji ilikuwa imeanzisha hifadhi ya panki ya Washington mwaka 2014, katika jengo la Martin Luther King Jr. Memorial Library, hatua chache tu kutoka Mtaa wa F namba 930, ulipokuwa ukumbi wa muziki wa kwanza wa 9:30 Club. Mwaka 2016 ikafungua pia Memory Lab, chumba chenye mashine ambazo mwananchi anazitumia mwenyewe kuhamisha kanda zake kwenda kwenye kompyuta. Niliweka nafasi, nikajiona fundi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilizikagua kaseti mezani kwangu. Moja, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino "kanisani, 6/21", ilikuwa imepoteza kile kipande kidogo cha sponji kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa cha redio, maana gundi yake ilikauka ikabanduka. Nilifungua skrubu tano kwa bisibisi ya miwani, nikauhamishia utepe na vigurudumu vyake kwenye gamba la kaseti nyingine, kisha nikaukaza kwa kuzungusha penseli, kama nilivyofundishwa. Mjomba alizoea kuniambia, "Mjomba, kanda haina haraka, mwenye haraka ni wewe." Alikuwa pia akivunja vile vijino viwili vya plastiki vya juu kabla ya kufanya jambo lolote lingine, ili kanda isiweze kurekodiwa tena. Gamba nililolitumia lilikuwa na vijino vyake vyote viwili. Niliibonyeza redio kaseti yangu gizani, nikisinzia, na kitufe nilichokibonyeza kilikuwa cha kurekodia.

Nilipogundua, sekunde 11 zilikuwa zimekwenda.

Siku iliyofuata maktabani niliketi na vipokea sauti masikioni, kwa kuwa kanda ya dakika 90 inahamishwa kwa dakika 90, haina njia ya mkato. Kwanza nilisikia friji yangu ikinguruma, kisha vijiti vya ngoma vikigongana mara nne, na besi ya Mzee ikaingia, nzito na mbele kidogo ya wenzake. Mahali pa friji ndipo penye maneno ya utangulizi katika kanda zake nyingine, pale mwimbaji anapotaja bendi, mahali, na mara nyingine tarehe.

Tarehe ndiyo niliyokuwa nikiihitaji. Kipeperushi cha onyesho hilo kilisomeka Jumamosi, Juni 21, kiingilio dola 5, bila mwaka. Hakuna kipeperushi hata kimoja katika boksi lile kilichokuwa na mwaka. (Ile "6/21" nayo ilinisumbua kidogo, kwani Wamarekani hutanguliza mwezi, nami mpaka leo huanza kuusoma kama siku.) Nilipekua kalenda ya simu: kuanzia 1980 hadi mwisho wa karne, Juni 21 iliangukia Jumamosi mwaka 1980, 1986 na 1997 tu.

Nilimpigia simu Mzee nikiwa ukumbini, nikaanza kwa kuungama. Alinyamaza, kisha akacheka mpaka akakohoa. Kuhusu mwaka hakusita: mwaka 1980 alikuwa na miaka kumi na minne, na 1997 besi ilikwisha kuuzwa. "Siku hiyo niliendesha gari la dada yangu. Besi haikuenea kwenye buti, nikaiweka kiti cha nyuma, shingo ikichungulia dirishani. Alilinunua '85, akaliuza kabla ya Krismasi ya '86."

"Na mwanzoni mwa kanda, mwimbaji alisema nini?"

"Nitakumbukaje? Mimi nilikuwa nikitafuta waya wangu."

Nilirudi chumbani nikajaza karatasi ya maelezo ambayo ingefuatana na kanda. Kwenye nafasi ya mwaka niliandika 1986, na pembeni yake: kwa mujibu wa mpiga besi na gari la dada yake. Chini nikaongeza kwamba sekunde 11 za mwanzo zimefutwa na aliyenakili, Maryland, 2016. Kisha nikavunja vijino viwili vya gamba lile, nikavitia mfukoni.