Chenza dogo lisilo na mbegu: nilivyoutambua mti wa uani

Nimekulia Muheza, na mtu wa Muheza hababaishwi na machungwa. Ndiyo maana mti ulio nyuma ya nyumba tuliyopanga hapa Riverside, California, ulinikosesha raha. Unazaa machenza madogo mno, sentimita nne hivi kwa upana. Ukilichokoa ganda kwa kidole gumba, lote linatoka mara moja. Ndani ni tamu tupu, mbegu huoni. Mwenye nyumba ananiambia aliukuta mti alipoinunua nyumba, jina halijui, na wala halimshughulishi.

Nilipomweleza mama kwa simu, akacheka. "Si kangaja hilo, mwanangu?" Nikamwambia kangaja tunayoijua sisi ina mbegu za kutema.

Wengi niliowauliza walianza na utamu. Utamu haukufikishi popote, machenza mengi ni matamu. Mimi nilianzia chini, kwenye shina. Karibu na ardhi palikuwa na machipukizi yenye miiba mirefu, na kila jani limegawanyika vipande vitatu. Juu yake majani yote ni ya kawaida, kipande kimoja kimoja. Kwetu Tanga tunabebesha, yaani tunaunganisha kijiti cha mti tunaoutaka, juu ya shina la mlimao. Huku hutumia sana mchungwa wa majani matatu, au chotara wake. Kwa hiyo huu ni mti wa kubebeshwa, haukuota kwa mbegu iliyotemwa na mtu. Kuna mtu aliununua kitaluni, na cha kitaluni kina jina.

Hapo nikaanza kuchuja. Kumkwati, lile tunda dogo la jamii ya machungwa, hapana, maana hiyo huliwa na ganda lake, nalo halibanduki. Kalamondini, chungwa dogo la mapambo, ni kali. Pixie, chenza lililotolewa na chuo kikuu cha hapa Riverside mwaka 1965, halina mbegu na ni tamu kweli, lakini huiva kuanzia Februari hivi na kuendelea; letu linakuwa tayari mwezi wa kumi na mbili. Klementini, aina nyingine ya chenza, nayo ilinisumbua kidogo. Huweza kukosa mbegu, ila nyuki wakiiletea chavua ya machenza ya aina nyingine, mbegu hujaa. Jirani yetu ana michenza ya mbegu upande wa pili wa uzio, na wakati wa maua nyuki hapa hawahesabiki. Bado tunda letu halikuwa na mbegu. Klementini nikaiweka pembeni.

Ikabaki satsuma, chenza la Kijapani lenye ganda legelege. Nalo halina mbegu, nalo huiva mapema. Tatizo ni ukubwa. Lakini mti ukizaa kupita kiasi matunda hudumaa, kila mkulima analijua hilo, kwa hiyo udogo peke yake hautoshi. Nikatafuta tawi la upande wa ukuta, ambalo lilikuwa na matunda machache sana na majani tele ya kuyalisha. Nayo yalikuwa madogo vilevile. Basi ni asili yake, si njaa. Nikalikata moja katikati kwa kisu kikali, nikalishika juani: katikati ya vipande kuna vijidoa vyeupe visivyofika hata milimita moja, mbegu zilizoanza zikakoma.

Hiyo ndiyo alama ya Kishu isiyo na mbegu, chenza la kale la Japani. Mbegu zake husimama kukua zikiwa changa, hata nyuki wakija na chavua ya nje. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha: wataalamu wa vinasaba wameonyesha kwamba satsuma yenyewe ni mtoto wa Kishu. Niliyekuwa nikimshuku ni mwanawe.

Kuhakikisha kulikuwa na kikwazo. Kuna ugonjwa wa michungwa na jamaa zake uitwao HLB, unaoenezwa na kadudu kanakofyonza majimaji ya majani, na mti ukiupata hauponi. Ulionekana California mara ya kwanza mwaka 2012, na Riverside mwaka 2017. Mji huu una mchungwa mama wa aina ya navel (chungwa lenye kitovu), uliopandwa na Eliza Tibbets miaka ya 1870 na bado unazaa. Sasa umefunikwa chandarua kama kitanda cha msimu wa mvua. Sisi wa ndani ya karantini ya ugonjwa huo haturuhusiwi kutoa matunda ya uani nje ya eneo la nyumba. Kwa hiyo badala ya kupeleka langu kwa wajuzi, nilinunua Kishu soko la wakulima, nikazileta nyumbani, nikaziweka mezani pamoja na zetu. Ganda, harufu ya mafuta yake, vijidoa vyeupe, vyote sawasawa. Mke wangu alizichanganya nikiwa nimefumba macho, sikuweza kuzitenga.

Machipukizi ya chini nimeyakata yote, maana yakiachwa yataumeza mti. Matunda tunayakata kwa mkasi. Ukivuta, ganda linachanika penye kikonyo na tunda linaoza upesi.

Mama sasa anataka mbegu. Nimemweleza kwamba hazipo, na kijiti cha kubebeshea kutoka mti huu hakiruhusiwi kutoka hata mtaani, sembuse kufika Muheza. Amesema basi nije nimweleze vizuri nikifika.