Nina sura, sina picha

Niliposhuka Uwanja wa Julius Nyerere mwaka jana nilikuwa na begi na karatasi moja. Karatasi yenyewe ni hati ya dharura ya safari, niliyopewa na ubalozi wetu Pretoria baada ya pasipoti kuibwa chumbani kwangu Durban. Hati hiyo ni ya safari moja tu. Afisa Uhamiaji akaichukua, akanikaribisha nyumbani, nikatoka nje sina hata kipande kimoja chenye picha yangu.

Niliondoka 2007. Enzi hizo laini ya simu unanunua kama pipi. Vitambulisho vya Taifa, vya NIDA, vikaanza kutolewa 2013, usajili wa laini kwa alama za vidole ukaja 2019, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Yote yamenipita nikiwa nachomelea mageti ya watu. Ikabidi nitumie laini ya dada, na kila aliyepiga alimuulizia yeye.

Dada akanicheka. "Bila namba ya NIDA hapa wewe mgeni tu." Kweli. Laini huna, akaunti ya benki huna.

Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo, dada alikitunza, mende wamekula pembe moja tu. Cha kidato cha nne nacho kipo, ila hakina picha. Kazi ilikuwa serikali ya mtaa, maana fomu ya kuomba kitambulisho lazima igongwe muhuri pale. Mtendaji ni kijana, hanijui, na hana kosa. "Nani anakufahamu hapa, kaka?"

Nani? Mjumbe wetu alishafariki. Sisi tulipanga Magomeni Mikumi, watu wetu wengi walikuwa wa Kota, nyumba za serikali pale Magomeni, na Kota zile nilizoziacha hazipo. Zilibomolewa, kaya 644 zikatawanyika, wengine wakarudi 2022 kwenye maghorofa. Nikaulizia mlango hadi mlango mpaka nikampata bibi aliyekuwa akituuzia vitumbua. Sasa anaishi juu, ananung'unikia ngazi. Akanitazama muda mrefu.

"Wewe si ndiye uliyevunja kioo cha msikiti?"

Nilikikana kile kioo utoto wangu wote, na bakora nilikula bado nakana. Siku hiyo nikakubali haraka haraka. Bibi akajifunga khanga, akashuka ngazi zake, akaenda kumwambia mtendaji mimi ni mtoto wa nani, mama alikuwa akiuza nini na tulihama lini. Muhuri ukagongwa.

Kwenye usajili nikakaa mbele ya afisa mwingine wa Uhamiaji. Swali la kwanza tu nikaitika "yebo" badala ya ndiyo. Akainua kichwa. Jamani, miaka kumi na saba! Akaweka kalamu chini.

"Babu mzaa baba kwao wapi?"

"Utete, Rufiji."

"Kabla ya Daraja la Mkapa mlikuwa mnavukaje?"

"Pantoni, pale Ndundu. Likikwama mnalala hapo hapo na mbu wenu."

Akacheka, akaandika. Nadhani mbu ndio walionipitisha. Picha nikapigwa pale pale, vidole vyote kumi, saini, basi.

Namba ikachukua wiki kadhaa. Nilikuwa nabonyeza *152*00# kwa simu ya dada asubuhi na jioni mpaka akaninyang'anya. Ilipotoka, tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yangu ya kuzaliwa, nikaenda kwenye kibanda cha laini pale kituoni. Binti akanambia niweke dole gumba. Mashine ikakataa. Vidole vya fundi wa kuchomelea vimelika. Akanipa kitambaa nifute, tukajaribu cha shahada, kikakataa, tukarudia, kikakubali.

Nikampigia dada pale pale nikiwa nimesimama juani.

"Haloo," akasema. "Nani mwenzangu?"