Wiki tupu kwenye ratiba: futiboli ya vyuo Marekani wakati wa korona

Ratiba ya msimu wa janga hupangwa kuanzia mwisho. Weka kwanza tarehe ya fainali, kisha rudi nyuma ukihesabu ni wiki ngapi timu inaweza kufungiwa karantini bila kupoteza mechi. Mwaka 2020 ligi mbili kubwa za futiboli ya vyuo Marekani (ile ya helmeti, si soka) zilifanya hesabu hii kwa namna tofauti kabisa, na matokeo yake bado ni somo.

SEC, ligi ya vyuo vya kusini, ilianza tarehe 26 Septemba. Kila timu ilipangiwa mechi 10 na wiki moja ya mapumziko katikati, na wikiendi ya 12 Desemba ikaachwa tupu kwa timu zote ili kuchezea viporo kabla ya fainali ya tarehe 19. Big Ten, ligi ya vyuo vingi vya kaskazini ya kati, iliahirisha msimu tarehe 11 Agosti, ikageuza uamuzi 16 Septemba, ikaanza wikiendi ya 24 Oktoba ikiwa na mechi 8 za kuchezwa ndani ya wiki 8. Kiporo hakikuwa na pa kuwekwa: mechi ikiahirishwa, imefutwa. Ohio State ilimaliza msimu wa kawaida na mechi 5 tu, wakati kanuni ya ligi ilidai 6 ndipo timu iingie fainali. Tarehe 9 Desemba ligi ikalazimika kuiondoa kanuni hiyo. Alabama ya SEC ilicheza mechi zake zote 10.

Ushauri wangu ni wiki moja tupu kwa kila mechi nne au tano, na wiki hizo zilingane kwa timu ambazo bado hazijakutana. Wiki tupu ya upande mmoja haisaidii kitu kama mpinzani ana mechi siku hiyo.

Mechi nyingi hazikufa kwa sababu ya wagonjwa. Ziliuawa na karantini. Wakati ule kikosi cha chuo kikubwa kilikuwa na wachezaji zaidi ya 100, kati yao wasiozidi 85 wenye ufadhili wa masomo. SEC iliruhusu timu kuomba kuahirisha mechi ikibakiwa na wachezaji wenye ufadhili chini ya 53, au ikibakiwa na watu chini ya 7 wa mstari wa mashambulizi, walinzi chini ya 4 wa katikati ya mstari wa ulinzi, au bila hata kwotabeki mmoja, yule anayeongoza mashambulizi. Namba hiyo ya 7 ndiyo ya kuogopwa. Watu wa mstari wa mashambulizi hukaa chumba kimoja cha mikutano, hula pamoja, na mara nyingi hupanga nyumba pamoja. Mmoja akipata virusi, mwongozo wa wakati ule uliwaweka karantini siku 14 wote waliokaa naye chini ya futi 6, yaani kama mita 1.8, kwa dakika 15. Tarehe 21 Oktoba CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikafafanua kwamba dakika hizo 15 hujumlishwa ndani ya saa 24, kwa hiyo hata mazungumzo mafupi mafupi ya kwenye korido yakaanza kuhesabika.

Kwa hiyo wagawe wachezaji wa kila nafasi uwanjani makundi mawili yasiyokutana ndani ya jengo: vyumba tofauti vya mikutano, zamu tofauti za gym, meza tofauti. Mikutano ifanyike nje au kwa video, na wakilazimika kuingia ndani, isizidi dakika 10, barakoa usoni, madirisha wazi. Kwotabeki wa tatu asikae chumba kimoja na wawili wa kwanza hata siku moja. Fanya hivyohivyo kwa mpiga teke na yule anayemrushia mpira kwa nyuma, maana wengi huwasahau hadi Jumamosi asubuhi, siku ya mechi. Andika nani amekaa kiti gani kwenye basi na kwenye ndege, na safari ya kurudi kila mtu arudi kitini pake. Bila orodha hiyo, mgonjwa mmoja anaweza kuondoka na basi zima.

Vipimo vinahitaji kueleweka, kwa sababu wengi huvipa kazi visivyoiweza. Kipimo cha antijeni hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 30, ndiyo maana Big Ten ilikifanya kila siku kabla ya mazoezi. Lakini piga hesabu: watu 120 wakipimwa siku 6 kwa wiki ni vipimo 720. Hata kipimo kikikosea mara 5 tu kwa kila watu 1,000 wasio na virusi, utapata majibu matatu au manne ya uongo kila wiki. Kila jibu chanya lithibitishwe kwa PCR, kipimo cha maabara, siku hiyohiyo, na mhusika akae peke yake akisubiri. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Virusi huchukua siku 2 hadi 14 kujionyesha, kwa hiyo jibu hasi la Ijumaa halimsafishi aliyeambukizwa Jumatano. Novemba 2020 timu ya chuo cha Clemson ilisafiri hadi chuo cha Florida State ikiwa na mchezaji aliyekuwa na dalili wiki hiyo lakini vipimo vyake vikatoka hasi. Jibu chanya likaja baada ya safari, na mechi ya tarehe 21 haikuchezwa tena. Kanuni ni moja: mwenye dalili hapandi basi, kipimo kiseme kisemavyo.

Sasa moyo, ambao ndio unaonikosesha raha kuliko yote haya. Virusi vya korona vinaweza kusababisha uvimbe wa misuli ya moyo, na misuli iliyovimba ikisukumwa kwa mazoezi makali inaweza kuvuruga mapigo na kumwangusha kijana ghafla. Big Ten iliagiza kila aliyeambukizwa apimwe damu ya kuonyesha madhara ya moyo kama troponini, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), altrasaundi ya moyo na MRI ya moyo (picha ya mashine ya sumaku), na asirudi mchezoni kabla ya siku 21, zilizopunguzwa kuwa 17 mwezi Desemba. Takwimu za ligi hiyo, zilizochapishwa 2021, zilihusu wanamichezo 1,597 waliofanyiwa MRI: 37 walionekana kuwa na uvimbe huo, yaani asilimia 2.3, na 28 kati yao hawakuwa na dalili yoyote ya moyo. Yaani kumwuliza tu kijana kama kifua kinauma hakutoshi. Chuo kisicho na MRI kifanye hivi vitatu vingine kwa yeyote aliyepata dalili za wastani au kali, na kimpeleke MRI mwenye jibu la kutia shaka. Akithibitika, apumzike miezi 3 hadi 6, bila mjadala wa fainali.

Aliye salama moyoni naye asirudi kwa pupa. Siku 10 kitandani hupunguza uwezo wa mwili kuvumilia joto, na Agosti ya Georgia au Texas haisamehi. Mrudishe kama mgeni wa mazoezi: siku mbili za helmeti tu, mbili za helmeti na pedi za mabega, ndipo vifaa vyote. Akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, pima joto la ndani kwa njia ya haja kubwa. Kipimo cha kwapani hudanganya. Likipita nyuzi 40, mtumbukize kwenye beseni la maji ya barafu palepale uwanjani hadi lishuke kufikia 39, ndipo gari la wagonjwa liondoke naye. Mkojo wa rangi ya chai na misuli inayouma kupita kiasi ni dalili kwamba misuli inavunjika. Huyo hospitali mara moja.

Ruhusa ya kurudi itiwe saini na daktari asiyeajiriwa wala kufukuzwa na kocha. Na mchezaji anayeamua kukaa nje abaki na ufadhili wake. Agosti 2020 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilimpa kila mwanamichezo wa daraja la kwanza wa msimu ule mwaka wa ziada wa kustahili kucheza, acheze asicheze. Fomu yake ya kujitoa ipelekwe ofisi ya masomo, isipitie mezani kwa kocha wa nafasi yake.