Mvua ilipotukuta kwenye picha za uchumba

Wachumba walikubali kulowa, lakini kwenye kamera mvua haikuonekana kabisa: nywele zilizonata usoni tu, na nyuma yao weupe wa mawingu. Matone hujitokeza yakimulikwa kwa nyuma, tena mbele ya kitu cheusi.

Basi nikawasogeza mbele ya miti yenye kivuli kizito. Flashi niliifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka chini nyuma yao ikinielekea, miili yao ikiificha. Kamera ikifunguka kwa 1/200 ya sekunde tu, kila tone liliwaka kama cheche. Bila flashi, 1/60 ilichora mvua kwa mistari mirefu, nayo naipenda vilevile.

Mwavuli mweusi uliwatia giza usoni, tukachukua wa plastiki angavu. Lenzi niliikinga kwa kofia yake, ule ukingo unaochomoza mbele bila kuziba kioo, na kitambaa kikavu kilikaa mfukoni muda wote.

Mikao niliyopanga niliiacha. Niliwaambia wakumbatiane wapate joto. Binti akavua viatu, mwenzake akavishika mkono mmoja, wakaanza kucheza kwenye dimbwi. Kwangu hizo ndizo picha bora, na ndizo walizochagua.