Bushi hazikazwi gari likiwa hewani

Mlio ulianza baada ya masika. Ngo! kila gurudumu la mbele la kushoto liliposhuka tuta, na nikikanyaga breki usukani unavuta upande huohuo. Gari ni Peugeot 504 ya mwaka 1979. Niliachiwa na ami yangu, ambaye hakumwacha abiria ashuke bila kumkumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Sasa mimi ndiye ninayeliendesha kutoka Maweni hadi Mambrui kila siku ya shule, na sitaki life mikononi mwangu.

Jumamosi nikalipeleka kwa fundi mzee aliyelishika tangu enzi za ami. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki, akaliegemeza kwenye stendi. Kisha akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akashika kushoto na kulia: kimya, kwa hiyo taya rodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu ukizungusha usukani, zilikuwa salama.

"Ingia ukanyage breki, mwanangu, usiachie."

Nikakanyaga. Akatikisa tena juu na chini, bado linacheza. Akanieleza kwamba lau ni beringi, breki ingelishika gurudumu na kule kucheza kungeisha. Kwa kuwa hakukuisha, tatizo ni boljointi ya chini, kile kiungo cha tufe kinachoruhusu gurudumu kupinda na kupanda. Jaribio la dakika moja! Mimi nilikuwa tayari nimeshaulizia bei ya beringi.

Kilichoniuma ni bushi za mkono wa chini, yaani vile vipande vya mpira na chuma pale mkono unaoshika gurudumu unapofungwa kwenye gari. Tulipozimulika kwa tochi, mpira ulikuwa umechanika kuzunguka chuma chake, wakati nilizibadilisha mwaka juzi tu, gereji moja hapa mjini. Nilidhani niliuziwa spea mbovu. Mzee akakataa. Alisema hizi zilikazwa gari likiwa limening'inia. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti kama mlango kwenye bawaba. Chuma chake cha ndani hubanwa kabisa, na mpira ndio unaojipinda mkono unapopanda na kushuka. Ukikaza bolti magurudumu yakiwa hewani, gari likishushwa tu mpira umeshapindika, hata kabla halijatembea. Kila tuta linauzidishia. Nililipa pesa za bushi mpya, nikapewa bushi zilizoanza kufa siku hiyohiyo. Hilo bado linanikera, kwa sababu kulifanya sawasawa hakuongezi gharama hata shilingi.

Kufungua ndiko kulikokula siku. Chumvi ya bahari haina huruma na bolti; tangu Alhamisi nilikuwa nikizimwagia mafuta ya kulegeza kutu, na bado moja ilibidi ikatwe. Boljointi ilitoka kwa nyundo mbili, moja imeegemezwa upande mmoja wa tundu, nyingine ikipiga upande wa pili. Mzee hapigi nyuzi za bolti hata siku moja. Springi hatukuzigusa kabisa: kuzifungua kunataka kibanio chake maalumu, maana springi iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua mtu.

Bushi mpya zilisukumwa kwa jiliwa na kipande cha bomba, pande zote mbili, kulia na kushoto, ingawa kulia hakukuwa kumelia bado. Bolti zake tukazishika kwa mkono tu. Magurudumu yakarudishwa, gari likashushwa juu ya mbao nene ili Mzee apate nafasi ya kupita, nikaambiwa nilikalie boneti na kulisukasuka mpaka litulie. Hapo ndipo alipoingia chini na spana akakaza. Pini mpya kwenye nati ya boljointi, na Jumatatu alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa.

Jumanne nilivuka daraja la Sabaki madirisha yamefungwa. Nikasikia kitu kinabingirika nyuma, nikaegesha kando. Ilikuwa chupa yangu ya chai, iliyopotea tangu wiki iliyopita, chini ya kiti.