Idi ya Unguja na kanzu ya ustadhi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimerudi Moshi, nimekaa wiki tano na jembe sijaliona. Nikienda sokoni Mbuyuni na wenzangu wa utotoni, hela yangu haipokelewi. Nikifika kijiweni Njoro, mtu ananyanyuka anipishe kiti. Tena wananiita jina langu lile la kwenye cheti, wakati hao hao ndio walionibandika jina la Mtori tukiwa darasa la tatu. Miaka tisa ya Gothenburg, Sweden, imenifanya mgeni rasmi mtaani kwetu.

Kwa hiyo waliposema Idi tunaiswalia Unguja, nilidakia hapo hapo. Desemba watu wanapanda Kilimanjaro kwa Krismasi mpaka mabasi hayatoshi; sisi tukasema zamu yetu kuteremka. Tulikuwa wanne: fundi gari, muuza mitumba wa Memorial, ustadhi wa madrasa, na mimi.

Tuliondoka alfajiri, mwezi 28 Ramadhani, mlima umejifunika mawingu kama kawaida yake ya masika. Same, Mombo, Korogwe, Chalinze. Magharibi ikatukuta Dar, tukalala Temeke kwa dada yake fundi.

Asubuhi, kwenye dirisha la tiketi za boti, wenzangu wakakata kwa shilingi. Zamu yangu ikafika, nikatajiwa bei ya dola. Sijui ni koti, sijui ni Kiswahili changu kilichoanza kupinda. Kitambulisho cha NIDA sina, nikatoa pasipoti ya Tanzania, dada wa tiketi akaipekua ukurasa kwa ukurasa. Nyuma yangu fundi anamwambia, "Mtoze tu dola, dada, huyu anazo." Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kunitania.

Kuhusu saumu, ustadhi alishatueleza ndani ya basi: msafiri ana ruhusa ya kula akaja kulipa, ila asiyepata tabu, kufunga ni bora. Nikajigamba. Mtu aliyefunga Gothenburg mwezi wa sita, jua linazama saa nne na robo usiku, atashindwa na saa mbili za boti?

Ila sikuwa nimehesabu kusi. Tulipotoka tu kwenye kinga ya bandari, boti ikaanza kupanda na kushuka kama inakanyaga matuta. Mama mmoja mbele yangu akavuta uradi. Vijana wa boti wakapita na mifuko, nikawaambia mimi siuhitaji. Dakika kumi baadaye chapati za daku zilikuwa juu ya mapaja ya ustadhi, na juu ya mapaja ya ustadhi kulikuwa na kanzu yake ya Idi, nyeupe, imekunjwa, haijavaliwa hata mara moja.

Nilitamani bahari initwae. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Muuza mitumba akasimama kama kadhi: "Mtori, umejitapisha au yamekutoka yenyewe?" Jina hilo sikuwa nimelisikia miaka tisa. Swali lenyewe lilikuwa na maana, kwa sababu anayejitapisha kwa kusudi saumu yake imeharibika, na yaliyomshinda mtu yakatoka bila hiari yake hana la kulipa. Ustadhi, kanzu imeloa, akatoa hukumu kwa sauti ya chini: "Saumu yake ipo. Kanzu yangu ndiyo haipo."

Tulipokaribia Malindi, bandari ya Unguja, nilipata nguvu ya kutazama nje. Nikaitafuta Beit el Ajaib, lile jumba la 1883. Habari ya kuporomoka kwake, tarehe 25 Desemba 2020, niliisoma nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini. Kuisoma na kuliona pengo lenyewe mbele ya mji ni vitu viwili.

Usiku ule mwezi ukatangazwa, takbira zikaanza msikiti kwa msikiti mpaka usingizi ukakosa nafasi. Asubuhi ya Mfunguo Mosi tukala tende tatu tatu, tukahakikisha zaka zetu za fitri zimeshatoka, pishi ya mchele kwa kila kichwa, tukaenda kuswali. Ustadhi alivaa kanzu ya kuazima iliyomuishia juu ya vifundo vya miguu. Hakuninunia, ila hakuniacha nisahau.

Idi za Gothenburg nilikuwa naziswali kwenye ukumbi wa michezo wa kukodi, kisha saa nane mchana niko jikoni naosha masufuria. Unguja sikukuu ni siku nne, na ya kwanza peke yake ilinimaliza. Jioni Mnazi Mmoja watoto wamejaa, nguo mpya bado zina mikunjo ya dukani, hina mikononi, miwani ya plastiki usoni. Kitoto kimoja cha kike kikanishika shati: "Mjomba, skukuu yangu!" Nikakipa mia tano. Kumbe nimefungua bomba. Walikuja kama kumi na tano, na wenzangu wamesimama pembeni wananitazama, hakuna aliyeingiza mkono mfukoni kunisaidia.

Tulirudi Moshi sikukuu ya nne. Kabla sijafungua begi, muuza mitumba akanitumia hesabu kwenye simu: "Mtori. Chumba, nauli ya basi kurudi, urojo bakuli tatu, sabuni ya unga, dobi wa kanzu. 52,000. Leo, si kesho."

Nimelipa. Ila urojo nilikula bakuli mbili, na hilo nimeshamwambia.